Kinyaa cha Hadia

Kitu cha kwanza kilichomrudia Hadia baada ya dripu ya pili hakikuwa furaha. Kilikuwa kinyaa. Jumamosi asubuhi aliamka chumbani kwake kisiwani Pate, akanusa, akageuza kichwa huku na huku akitafuta harufu ile inatoka wapi, mpaka akatambua kuwa inatoka kwenye godoro alilolilalia. Lilikuwa na jasho la miaka mitatu, mafuta ya nywele yaliyochacha, na mchuzi uliomwagika ukaachwa ukauke. Aliinuka kama aliyeumwa na mdudu. Alisimama katikati ya chumba akakitazama vizuri: vikombe vilivyoota ukungu mvunguni, kanga zilizokakamaa kwa uchafu, na ukutani, pale alipokuwa akiegemeza kichwa mchana kutwa, doa jeusi kubwa kama sahani.

"Humu ndimo nilimokuwa nikila," alijisemea.

Alilivuta godoro hadi uani peke yake, ingawa mikono ilikuwa imekonda na pumzi fupi. Akaloweka kanga. Akasugua vikombe kwa majivu. Mumewe, Abdulwahid, aliyekuwa akiuza petroli ya mashine za boti pale bandarini, alirudi kwa chakula cha mchana akamkuta ameinama kwenye karai, povu limempanda hadi viwikoni. Mwanamume yule alisimama mlangoni na kijiti cha meno mdomoni. Hakumuuliza hali wala hakumpa pole. Alitoa simu akampiga picha.

"Wafanyani?" Hadia aliuliza.

"Nampelekea Sundus. Atafurahi."

Sundus alikuwa dada yake Abdulwahid, mkazi wa mtaa wa Langoni, mjini Amu, yaani Lamu. Hadia aliendelea kufua.

*

Jumatatu walirudi Amu kwa dripu ya tatu. Kliniki ilikuwa ghorofa ya juu ya nyumba moja ya zamani, na daktari wake, Jeruto, alikuwa mwanamke wa bara mwenye sauti ya chini aliyekuwa akija kwa ndege Jumatatu na Alhamisi. Yeye ndiye aliyemwambia Hadia kwamba ugonjwa wake ni sonona, maradhi ya huzuni nzito, na kwamba ni ile sonona sugu isiyosikia vidonge. Vidonge vya aina nne alikuwa amevimeza kwa miaka mitatu. Vya kwanza vilimnenepesha, vya pili vilimkausha mate, na vilivyobaki havikumfanya chochote. Kabla ya vidonge alikuwa amesomewa, akafukizwa, akanyweshwa kombe, maji ya aya zilizooshwa sahanini, mpaka tumbo likajaa wino.

Dawa ya dripu iliitwa ketamini. Daktari alieleza bila kuficha: ndiyo dawa wanayolazwa nayo watu kwenye upasuaji, lakini hapa inatolewa kidogo sana, polepole, kwa dakika arobaini, mashine ya presha ikiwa mkononi na kibanio kidoleni kupima hewa ya damu. Dripu ni sita kwa wiki tatu. Mgonjwa aje na mtu mzima wa kumsindikiza, akae naye, aondoke naye. Asipande chombo siku ile, wala asitie sahihi karatasi yoyote hadi kesho yake. Bila msindikizaji hakuna dripu. Gharama za dripu zote sita alizilipa Jeilani, kaka yake Hadia aliyeko Mombasa, na alizituma moja kwa moja kwenye kliniki kwa sababu alimjua shemeji yake.

"Tangu Alhamisi umehisi nini?" daktari aliuliza.

"Kinyaa," Hadia alisema.

Abdulwahid alikohoa. "Umsamehe, daktari, hajui kusema. Alikusudia kusema yuko afadhali."

"Bwana, nimemuuliza yeye." Daktari hakumtazama. "Kinyaa cha nini, mama?"

"Godoro langu lanuka. Lilikuwa likinuka zamani, lakini nilikuwa sijali. Naona na vitu vingine. Namna mtu anavyotafuna. Kucha zangu mwenyewe."

Daktari aliandika kwa muda. "Mtu asiyehisi kitu hawezi kuona kinyaa," alisema. "Tuendelee."

Nesi aliitwa Jerioth. Alitafuta mshipa akaupata mara ya kwanza, akafungua dripu, akamfunika Hadia miguu kwa shuka. Abdulwahid aliketi kwenye kiti cha plastiki pembeni. Baada ya muda Hadia aliona dari likishuka karibu na uso wake, kisha likaenda mbali sana, na mwili wake ukabaki kitini kama buibui lililotundikwa msumarini. Hakuogopa. Alikiona chumba cha mavyaa wake, marehemu Bi Radhiya, mama yake Abdulwahid, na akaisikia sauti ikizungumza. Akaijua kuwa ni yake, lakini hakujua inasema nini.

Aliporudi, mtandio ulikuwa umemkaa sawa kichwani na Jerioth alikuwa akisoma presha. Abdulwahid alimtazama mkewe kama mtu anavyomtazama samaki aliyemnunua kisha akamgeuza akakuta ameoza upande wa pili.

"Nimesema kitu?" Hadia alimuuliza.

"Maneno ya dawa," alisema, akatia simu mfukoni.

*

Jumatano, wakiwa wamerudi Pate, alikuja jirani yake Raihana kurudisha ungo. Ungo wenyewe ulikuwa umekaa kwake tangu mwaka juzi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akaukataa uji, akaulizia habari za Asmaa, binti yake Hadia aliyeolewa Mkokoni, akauliza tena habari zile zile.

"Raihana, una jambo."

"Nina jambo, Bi Hadia. Sikutaka uambiwe na mwingine. Na wengine hawatakwambia, watakutizama tu."

Akampa simu. Ilikuwa video ya dakika moja na sekunde hamsini. Hadia aliona kwanza mwanamke asiyemfahamu, mtandio umemwangukia mabegani, nywele za mvi zimelala kichwani kama majani yaliyonyeshewa, mate yakimtiririka hadi kidevuni. Ndipo akakiona kiti na shuka la kliniki. Mwanamke yule alikuwa akicheka peke yake, kisha akasema kwa sauti nzito, neno moja moja:

"Bi Radhiya alipokata roho nilimshukuru Mungu. Nilisema alhamdulillahi. Nilisema mikono yangu imepumzika."

Video ilitumwa kwenye grupu ya ukoo wa Abdulwahid yenye watu sitini na wanne. Aliyeituma ni Abdulwahid mwenyewe, na juu yake aliandika: *Nishaurini ndugu zangu, hii ni tiba au ni nini.* Ushauri ulimiminika. Sundus aliandika: *Haya, sikieni kwa masikio yenu. Mamangu alikuwa akilishwa na mkono huu.* Mwingine alisema hiyo si tiba bali ni unga uleule unaowamaliza vijana barazani. Mmoja, binamu yao mwenye ndevu za heshima, aliwakumbusha kwamba nywele za mke wa mtu ziko nje na wanaume wamo humu, wamche Mungu. Huyo huyo ndiye aliyeipeleka kwenye grupu ya pili, ya wavuvi, ambako Raihana aliipata kwa mumewe. Kila baada ya maneno matatu palikuwa na subhanallah.

Hadia aliitazama mara mbili. Kwa miaka mitatu hakuna habari iliyomfikia ikiwa nzima. Hata harusi ya Asmaa aliisikia kama kelele za nyumba ya pili, akaenda, akakaa, akarudi. Hii ilimfikia. Aliwaona wote sitini na wanne, vidole vyao vyenye mafuta ya samaki vikimgusa uso kumrudisha nyuma, aseme tena, ateme mate tena. Na kwenye ile ya wavuvi, fundi aliyemtengenezea friji alikuwamo. Muuza maziwa alikuwamo.

"Ahsante, Raihana," alisema. Akaenda akanawa mikono kwa sabuni, akaifuta, akarudi akainawa tena.

*

Abdulwahid alikula chakula cha jioni kama kawaida yake, akitoa miiba ya samaki kwa ulimi na kuipanga ukingoni mwa sahani. Hadia alingoja ammalize samaki.

"Nimeiona video."

Hakushtuka. Labda alikuwa akiingoja siku hiyo. "Nimeifuta," alisema.

"Umeifuta wapi?"

"Kwenye simu yangu."

"Na kwenye simu sitini na tatu?"

"Hadia, nilitaka ushauri wa ndugu. Mtu amsikia mkewe akifurahia kifo cha mamake, afanyeje? Akae kimya? Nilikuwa na uchungu."

"Ukiwa na uchungu ukaona uniinulie mtandio kwanza, au ukaona uwashe simu kwanza?"

Abdulwahid alimwita Mwenyezi Mungu kwa sauti ya chini.

"Nilimuosha mamako miaka sita," Hadia alisema. "Asubuhi na jioni."

"Na kumbe ulikuwa ukimuombea afe."

"Nilikuwa nikimuombea apumzike. Na mimi nipumzike. Yote mawili, siwezi kuyatenganisha."

Abdulwahid alisogeza sahani. Sauti yake ililainika, ikawa ile sauti anayoitumia kwa wateja wa mkopo. "Sikiza. Ndugu zangu wamekasirika, lakini si watu wabaya. Ijumaa watakuja hapa. Utawataka radhi, useme ni shetani aliyekusemesha. Basi, yataisha. Na hiyo dawa tuiwate. Kesho mimi siendi Amu."

"Si shetani. Nikisema ni shetani nitakuwa nasema uongo."

"Sema uongo basi, watu walale."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, tena kwa nia ya kusaidia. Kisha akavuta kanga iliyokuwa kwenye kamba, mojawapo ya zile alizozifua Hadia Jumamosi, akajifutia vidole na midomo, akairudisha pale pale. Hadia aliitazama alama ya manjano ya mchuzi ikienea kwenye nguo safi. Aliwaza kwamba mtu huyu amelala naye miaka ishirini na mbili, na kwamba kama si ugonjwa angemwona zamani. Halafu akawaza kwamba pengine alimwona zamani, na ndipo akaugua. Hakujua lipi ni la kweli. Usiku ule alilala chumba cha Asmaa, kwenye kamba tupu za kitanda zisizo godoro.

*

Alhamisi alipanda boti peke yake. Hakuwa amesafiri peke yake tangu alipoanza kuumwa, na nauli aliilipa kwa noti iliyokunjwa mara nne hata mkusanya nauli akaifungua kwa kucha. Abiria walimsalimu vizuri mno. Mwanamume mmoja aliyeketi mbele yake alitazama simu, akamtazama yeye, akatazama simu. Hadia aliufungua mtandio kidogo, akaufunga upya taratibu mbele ya macho yake, mpaka mwanamume yule akageukia upande wa bahari.

"Leo umekuja na nani, mama?" Jerioth alimuuliza kwenye ngazi.

"Peke yangu."

Nesi alimwita daktari. Hadia aliwasimulia wote wawili, kwa maneno machache, kama anayetoa habari za mtu mwingine. Jerioth aliinamisha uso.

"Nilitoka dakika tatu," alisema. "Mashine ya chumba cha pili ilikuwa inalia. Nilimwacha na mume wake. Nilidhani ni mume wake."

"Kosa ni la kliniki," Daktari Jeruto alisema. "Ni langu. Kuanzia leo simu za wasindikizaji zitakaa mezani kwangu. Ukitaka kushtaki, nitakuandikia kila kitu kilivyokuwa na nitatia sahihi." Alionyesha ngazi kwa kidole. "Lakini dripu siwezi kukuwekea bila mtu, mama. Utatoka hapa umelewa, ngazi ni hizi, na kando ya njia kuna maji. Na kuiruka leo sipendi. Ndiyo kwanza umeanza kutoka."

"Nikiiruka nitarudi nilikokuwa?"

"Siwezi kusema hapana."

"Utaondoka saa ngapi?"

"Saa nane niwe kwenye boti ya uwanja wa ndege."

Ilikuwa saa nne kasoro. Hadia aliketi kwenye benchi akawapitisha moyoni watu aliokuwa akiwajua Amu. Miaka mitatu ya kulala huwapunguza watu kuliko msiba. Aliyekuwa shoga yake amehamia Kililana kwa mwanawe, wa pili ameacha kupokea simu, wa tatu yumo kwenye ile grupu. Mlango uliobaki ni mmoja, na kuufikiria tu kulimfanya ajifute midomo kwa ukingo wa mtandio. Aliinuka akaenda.

*

Sundus alikuwa akipaka hina. Alikuwa mnene, mweupe, msafi kupita kiasi, mwenye mkono mwepesi uliomfanya atafutwe na mabibi harusi wa mji mzima. Mteja mmoja alikuwa amenyoosha miguu mkekani, na nyumba nzima ilinukia marashi. Alimwona Hadia mlangoni, akaendelea kuchora.

"Karibu, wifi. Kaka yuko wapi?"

"Amekataa kuja. Nataka wewe unisindikize kliniki."

Sundus alicheka. Mteja naye alitabasamu kidogo, kwa hiyo Hadia akajua kwamba huyu pia ameiona.

"Nije nikae, nimsikilize mtu akimtukana mamangu mbele yangu?"

"Nitasema litakalokuya. Hata mimi siyui litakuwa lipi."

"Basi tafuta mwingine."

Hadia hakuondoka kizingitini. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya kawaida, sauti ya mtu anayeeleza namna ya kupika kitu.

"Mamako alikuwa na kidonda hapa," alisema, akajigusa chini ya mgongo. "Kidonda cha kulalia. Kilianza kama sarafu, mwisho kikaingia ngumi. Mfupa ulikuwa waonekana. Nilikuwa nikikiosha kwa maji ya chumvi, nikitia asali, na kila nikimgeuza kuna kitu kinabaki kwenye shuka. Harufu yake ilikuwa inaingia kwenye wali. Abdulwahid alikuwa akila kwa ndugu zake kwa sababu ya harufu ile. Wewe ulikuya Idi mbili. Ulikaa mlangoni kama nilivyosimama mimi sasa, mtandio puani, ukanambia, wifi, mbona huchomi udi?"

Mteja alivuta miguu yake. Sundus alisema, bila kuinua uso, "Niwate, Hadia."

"Ulipata kinyaa, ukaenda zako. Sikulaumu, kidonda kilikuwa kinatisha. Lakini mimi sikuwa na ruhusa ya kupata kinyaa. Niliambiwa ni radhi, ni thawabu ya peponi. Nikakimeza. Miaka sita nilikimeza, na alipokufa sikupata cha kulia nacho. Siku ile nilimshukuru Mungu, kweli. Na wewe ulimshukuru, wifi. Ulipiga mayowe, lakini ulimshukuru. Ni kwamba wewe hukuwekewa dripu."

Mchoro wa hina ulikuwa umetoka kwenye njia yake, ukashuka kama mdudu hadi kwenye kisigino.

"Sundus, waniharibia mguu," mteja alisema.

Sundus aliweka chini koni ya hina. Alifuta vidole vyake kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Macho yake yalikuwa makavu, lakini rangi ya uso ilimtoka. Hakuomba msamaha. Huenda hakujua anaanzia wapi, au huenda hakuwa na nia.

"Ni saa ngapi?" aliuliza.

"Sasa hivi."

"Ngoja nivae buibui."

*

Simu ya Sundus ilibaki mezani kwa daktari. Kwenye fomu ya msindikizaji, palipoandikwa uhusiano, aliandika *wifi*, akaulizwa jina kamili, akalitaja kama mtu aliye kituo cha polisi. Aliketi kwenye kiti cha plastiki. Jerioth hakutoka chumbani hata mara moja.

Safari hii dawa haikumpeleka Hadia kokote kuzuri. Dari lilizunguka, na robo ya mwisho ya dripu tumbo lilianza kupanda. Alisikia mashine, akasikia Jerioth akisema, "Anatapika, mgeuze, mgeuze upande." Nesi alikuwa ameushika mkono wenye sindano asiuvute. Kwa mguu alilisukuma beseni lililokuwa chini ya meza hadi kwa Sundus.

"Shika hilo. Karibu zaidi. Chini ya kidevu."

Sundus alishika. Yakaja ya kwanza, kijani na machungu, yakamrukia vidoleni, juu ya hina yake mwenyewe iliyokolea. Alifumba macho akageuza uso ukutani, na mkono mmoja ukaenda kuutafuta mtandio ili azibe pua. Beseni likainama.

"Usigeuze uso, wifi," Hadia alisema. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yalitoka kama yanayovutwa kwa kamba, lakini yalitoka yote. "Nitizame."

Sundus aligeuka. Midomo yake ilikuwa imepinda, machozi ya kichefuchefu yamemjaa, na shingo inacheza kama ya kuku anayetaka kuteremsha kitu. Alimtazama. Alilishika beseni kwa mikono miwili, na Hadia alitapika tena, na tena, bila haraka, bila kuona haya hata kidogo. Mtandio ulipomteleza, ni Sundus aliyeurudisha, kwa kiwiko, kwa kuwa vidole vilikuwa vichafu.

Dripu ilikwisha. Presha ilishuka ikakaa mahali pake. Sundus alikwenda kumwaga beseni akakaa huko muda mrefu, maji ya bomba yakisikika, na aliporudi alikuwa akinusa mikono yake kwa siri. Aliketi. Huko nje ile video ilikuwa bado inatembea kwenye simu za watu, na keshokutwa ingekuwa Mkokoni kwa wakwe wa Asmaa kama haijafika tayari.

Daktari alipita na mkoba wake begani, akamwuliza Hadia anahisije, akajibiwa, akaandika, akamrudishia Sundus simu. Haikupita dakika ikaanza kulia.

"Ni kaka," Sundus alisema. Aliiacha ilie. "Nimwambie nini?"

"Mwambie zimebaki mbili," Hadia alisema. "Na Jumatatu wanisindikiza wewe."

Sundus aliitazama simu, kisha beseni lililokuwa limepinduliwa mlangoni likikauka. Akaiweka sikioni.

"Niko kliniki," alisema. "Hapana. Hapana, kaka, siwezi kuzungumza sasa. Nina mgonjwa."